Mzee wa Ubao na Gunia la Kufungulia

Ukishindwa usaili wake, alikusindikiza hadi stendi. Ukifaulu, alikuambia, "Jumatatu, saa mbili," kisha akakugeuzia mgongo. Kwa hiyo vijana wa Lindi tuliosomea kompyuta hatukuhitaji kusubiri barua ya majibu. Mzee akilitwaa begi lako, akalitundika begani kwake na kuanza kukuuliza habari za kwenu mkiteremka ngazi, ujue safari yako imeishia hapo. Mlinzi wa chini alikuwa haulizi kitu. Anaangalia tu begi liko kwenye bega la nani, halafu anasema, "Pole, mwanangu."

Nilifanya kazi chini yake miaka minne, na miaka yote minne nilimdharau. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani naelekea kumlilia. Simlilii. Yuko hai, anakula vizuri, na miguu yake ina nguvu kuliko yangu.

Jina lake sitalitaja; hata sisi hatukulitumia. Ofisini alikuwa Mkuu. Mitaani alikuwa Mzee wa Ubao, na jina hilo lilisemwa kwa sauti ileile ambayo watoto husemea jina la mwalimu mwenye bakora.

Kampuni yetu ilikuwa na vyumba vitatu ghorofani, nyuma ya soko la Lindi mjini. Tulitengeneza programu ya maghala. Mkulima analeta ufuta au korosho zake kwenye chama cha msingi, karani anapima, anaandika, kompyuta inakumbuka. Basi. Lakini ukimsikia Mkuu akiwaeleza wageni, ungedhani tunarusha chombo kwenda mwezini, na kwamba yeye ndiye aliyekaa usukani.

Alikuwa na kazi nyingi kwenye karatasi na moja tu kwa kweli: kuchagua nani aingie. Kila kijana aliyetaka kuandika programu pale alipita mbele ya ubao wake. Ubao wenyewe ulikuwa mweupe zamani. Aliufuta kwa leso ileile aliyofutia jasho, na kwa miaka mingi wino na jasho vilikuwa vimepatana vikatoa rangi ya maji ya kuoshea dagaa. Kalamu zake zilikuwa tatu, mbili zimekauka. Hakuzitupa. Alimpa msailiwa iliyokauka kwanza, akamwangalia anavyohangaika, ndipo akampa ya pili, iliyokauka pia. Nilipomuuliza sababu, alisema anapima subira. Nikamuuliza kama subira ndiyo tunayoiuza. Akasema, "Ndiyo unayoikosa."

Msailiwa alisimama. Kiti kilikuwepo, lakini kilikuwa cha Mkuu kuwekea miguu. Feni ilimwelekea yeye. Chai ya tangawizi ilikuwa yake. Kompyuta hazikuruhusiwa chumbani, katika usaili wa watu wa kompyuta. "Kichwa ndicho mashine," alisema. "Hiyo nyingine ni taipureta tu." Siku alipotakiwa kumwandikia mkurugenzi barua ya nusu ukurasa, tulimkuta anaitafuta herufi kwa kidole kimoja, amekunja uso, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Taipureta ilikuwa inamshinda.

Na lugha. Ukifika mlangoni ukasema shikamoo, aliitika marahaba kwa upole wa babu yako mwenyewe, akakuuliza umeamkaje, umekuja na usafiri gani. Halafu alifunga mlango, na Kiswahili kikabaki nje. Kuanzia hapo ni Kiingereza mpaka mwisho, Kiingereza chake cha kutembea kwa magongo na cha kwako cha kutetemeka, watu wawili wa pwani moja wakipotezana njia nyumbani kwao.

"Kwa nini, Mkuu?" nilimuuliza.

"Kompyuta haijui Kiswahili."

"Lakini anayesailiwa si kompyuta."

"Ndiyo tatizo lake," alisema, akanywa chai.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Madrasa nilifukuzwa mara mbili kwa sababu hiyo, na chuo kikuu Dar es Salaam wahadhiri walijifunza kutoangalia upande niliokaa. Nilirudi Lindi nikiamini kwamba duniani hakuna jambo linalostahili heshima kabla halijajibu swali. Kwa mtu kama mimi, Mkuu alikuwa karamu. Kila alichofanya kilikuwa na shimo la kuchungulia.

Chukua, kwa mfano, neno "inategemea". Alilichukia. "Anayesema inategemea hajui," alisema, na alilisema mara nyingi kiasi kwamba tulikuwa tukilimalizia pamoja naye. Kijana mmoja wa Nachingwea aliulizwa njia ipi ni bora kupanga majina elfu moja. Akasema inategemea majina yamekaaje. Kwa yeyote aliyewahi kuandika programu hata ya kuuzia maandazi, hilo ndilo jibu. Mkuu hakumwacha amalize. Aliweka kikombe chini, akasimama, akachukua begi la kijana. "Nachingwea mmepata mvua?" akamuuliza, kwa Kiswahili sasa, kwa sauti tamu kabisa.

Lakini mwenyewe, muulize tutakula saa ngapi. "Inategemea." Muulize kama likizo yangu imekubaliwa. "Inategemea, kijana." Maisha yake yote yalitegemea, ubao wake tu ndio ulisimama wenyewe.

Kule kusindikiza sasa. Watu wengi walimpenda kwa sababu hiyo na hili lilinikera kuliko yote. Alitembea na msailiwa hadi stendi, jua la saa saba likiwapiga wote wawili, akamnunulia ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha yenye chumvi, akasimama naye mpaka gari liondoke, akapunga mkono. Aliwakumbuka kwa majina. Miaka mitatu baadaye angekutana na mmoja sokoni: "Mama yako mguu umepona?" Na yule, ambaye Mkuu alimnyima kazi kwa kusema neno moja la kweli, angeshika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili. Wengine aliwaandikia barua za kuwapendekeza kwingine, kwa kidole kile kimoja, na barua zile ziliwasaidia. Kijana mmoja yuko Mtwara leo kwa barua ya mtu aliyemwambia hafai.

Niliwaambia wenzangu kwamba huo ni ukatili uliovaa kanzu. Mtu akikukatalia vibaya, utabisha. Akikukatalia huku amebeba begi lako, utambishia vipi? Wenzangu walicheka. Mmoja akasema, "Kambishie basi." Sikwenda.

Nimefika kwenye swali lake, na sina budi kulieleza, maana bila hilo mzee huyu ni kichekesho tu.

Alikuwa na swali moja. Mengine yalikuwa ya kupasha moto. Moja ndilo lililoamua, na halikubadilika miaka yote. Una orodha ya magunia na uzito wa kila gunia. Andika ubaoni programu itakayolitaja gunia zito kuliko yote. Hata asiyejua kompyuta anaweza kulifikiria. Unashika gunia la kwanza, unasema hili ndilo zito. Unakwenda la pili: likiwa zito zaidi, unaliacha la kwanza unashika hilo. Unaendelea hadi mwisho. Ulilonalo mkononi ndilo jibu.

Mkuu alikuwa na jibu lake kwenye daftari lenye jalada la plastiki, na ubao wako ulilinganishwa na daftari mstari kwa mstari. Na jibu la daftari lilikuwa na kosa. Lilianza kwa kushika gunia la kwanza bila kuuliza kama lipo. Ghala likiwa tupu, programu inanyoosha mkono gizani, haikamati kitu, inaganda hapohapo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukatwa alama kwa kosa hilo.

Sasa, Lindi si mji mkubwa. Muda mrefu kabla yangu, kuna msailiwa aliyefaulu kwa bahati, akaupiga picha ubao mzee alipokwenda kuswali. Picha ile ilitembea kwenye simu za vijana wote waliosomea kompyuta toka Kilwa hadi Mingoyo. Iliitwa Jibu la Mzee. Tulioipata tulifaulu. Waliofikiri wenyewe, wakaandika vizuri, wakaweka ule mstari wa kuuliza kwanza kama kuna kitu, walionekana wamezidisha mstari mmoja ambao daftari halina. Wakasindikizwa.

Mimi picha ile niliipata wiki moja kabla. Kosa nililiona siku hiyohiyo, nikiwa bado nimesimama na simu mkononi. Na siku ya usaili nililiandika kosa lile kama lilivyo, herufi kwa herufi, bila kusita mahali popote. Mkuu alipitia daftari, akapitia ubao, akaridhika.

"Hapa," alisema kwa Kiingereza chake, "umeonyesha fikra huru. Jumatatu, saa mbili."

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani. Niliona nimemcheza shere mzee. Ofisini nikawakuta wenzangu watano, na haikuchukua muda kujuana: sote sita tulikuwa na picha ileile. Kampuni nzima ilikuwa imejengwa kwa watu waliokubali kuandika kosa.

Na kosa halikukaa ubaoni. Mkuu alipenda ukurasa wa kwanza wa programu yetu uonyeshe gunia zito kuliko yote siku hiyo, ili mkulima akichungulia kwenye dirisha la karani aone fahari. Mistari ya kazi hiyo aliiandika yeye kutoka daftarini. Sisi sita tuliiona. Hakuna aliyeigusa.

Siku ya kwanza ya msimu wa ufuta, asubuhi, maghala yote yalikuwa matupu, kwa sababu ndivyo ghala linavyokuwa siku ya kwanza. Makarani wakawasha kompyuta. Programu ikaenda kushika gunia la kwanza, haikulikuta, ikaganda. Wakulima wamepanga foleni na mizigo yao, wengine wametoka milimani tangu alfajiri, na karani anazima anawasha, anazima anawasha. Simu ya ofisi iliita mpaka ikapata joto.

Mtu mwenye akili angeongeza mstari mmoja. Mkuu aliongeza ukurasa mmoja kwenye kitabu cha maelekezo: "Kila asubuhi, kabla ya kupokea mzigo, karani aingize gunia moja la kufungulia, lenye kilo sifuri, kwa jina lolote la mkulima." Akaupiga muhuri. Makarani wakafanya hivyo, kwa utiifu, kila siku, kila ghala. Kwa kuwa programu ilitaka majina matatu, wakakubaliana kwa simu jina moja wasisumbuke: Fungua Ghala Fungua.

Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa chama kimoja ambao nilitumwa kuhudhuria, katibu alisoma kutoka kwenye kompyuta majina ya wanachama ambao hawakukosa kuleta mzigo hata siku moja.

"Ndugu Fungua Ghala Fungua!"

Watu wakageuka kuangalia nyuma.

"Ndugu Fungua yupo?"

"Huyo wa ukoo gani?" akauliza mzee mmoja nyuma.

"Huenda wa Mitwero," mwingine akasema. "Kule wamehamia watu wengi."

"Apigiwe makofi, hata kama hayupo. Mkulima mwenye bidii hivyo."

Akapigiwa. Na mimi nikapiga.

Somoe alikuja kusailiwa baada ya mkutano ule. Alikuwa na kibanda cha ufundi simu Mtanda, na alijifunza kuandika programu kwenye simu iliyopasuka kioo, bila chuo. Alikuwa amekifunga kibanda siku tatu ajiandae. Wakati huo Mkuu alikuwa akiniweka chumbani kama msaidizi, kazi yangu ikiwa kuandika kumbukumbu za usaili na kusogeza feni. Kwa hiyo nilikuwepo.

Alisema shikamoo, akaitikiwa. Mlango ukafungwa. Mkuu akaanza Kiingereza, Somoe akamjibu Kiswahili.

"Kiingereza, binti."

"Kwa Kiingereza nitasema kidogo, mzee wangu. Kwa Kiswahili nitasema yote."

Niliinua kichwa. Hakuna aliyewahi kusema hivyo. Mkuu akampa kalamu iliyokauka. Somoe akaijaribu mara moja, akaiweka mezani, akatoa ya kwake mkobani.

Swali likaja. Akaandika haraka, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea nafasi ndogo, na mstari wake wa kwanza ulikuwa ule ambao daftari halikuwa nao. Mkuu akakunja uso.

"Huu wa nini?"

"Kuuliza kama kuna gunia."

"Orodha ina magunia. Nimeshakwambia, orodha ya magunia."

"Na kama bado hawajaleta?"

"Basi hakuna orodha."

Somoe alimwangalia kama anavyoangaliwa mteja aliyetumbukiza simu kwenye supu. "Mzee wangu, mtu akija kwako anapiga hodi. Akisikia karibu, anaingia. Asiposikia kitu, anarudi zake. Hii ya kwenye daftari lako imeingia moja kwa moja hadi jikoni, inatafuta sufuria, na nyumba haina mtu."

Feni ilikuwa inageuka.

"Na mimi najua kwa sababu mjomba wangu analima ufuta milimani Kilwa," akaendelea Somoe, sasa kwa sauti ndogo. "Alisimama na magunia yake tangu asubuhi hadi adhuhuri siku ya kwanza ya msimu. Nilipanda kwenda kuona. Nikamwomba karani anionyeshe. Programu inaganda kwa sababu ya mstari huu. Ndiyo maana mna gunia la kufungulia. Nimekuja kuomba kazi nilitoe lile gunia. Kwa kweli hilo tu ndilo lililonileta."

Sijawahi kusikia usaili bora kuliko huo, na sidhani nitausikia. Kilikuwa mbele yetu kila kitu: kosa, chanzo chake, watu waliosimama juani kwa sababu yake, na fundi. Mkuu alilifunga daftari polepole. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanigeukia.

"Wewe kijana, mwenye maswali. Unasemaje?"

Somoe naye akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi usoni. Aliona mwenzake, kijana msomi, mtu ambaye lazima anajua. Kazi yake ilikuwa kinywani mwangu na ilihitaji neno moja.

Niliwaza mambo mengi kwa muda mfupi. Niliwaza kwamba nikisema binti yuko sahihi, nitaulizwa mbona mimi niliandika tofauti. Niliwaza wenzangu watano. Niliwaza Jumatatu, saa mbili.

"Nakubaliana na Mkuu," nilisema.

Mkuu aliniangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akasimama, akachukua mkoba wa Somoe, na kumuuliza mjomba wake hajambo.

Dirishani niliwaona wakienda. Somoe alitembea mbele kidogo, kama mtu asiyetaka kusindikizwa. Karibu na kona nikaona wamesimama, wameinama wote wawili, sijui wanaangalia nini chini. Kisha nikasogeza feni, ikanielekea mimi, nikaandika kumbukumbu.

Niliendelea kumdharau Mkuu, na sasa kwa nguvu zaidi. Nilisimulia kisa cha Somoe mara nyingi, vijiweni, kwa marafiki waliotoka Dar, na kila niliposimulia watu walicheka kuhusu nyumba isiyo na mtu na kumlaani mzee. Katika masimulizi yangu hapakuwa na mtu wa tatu chumbani.

Alistaafu mwaka huu. Wiki hiyohiyo nilifungua programu nikaongeza mstari mmoja. Ilinichukua muda wa kunywa maji. Nikawapigia makarani kuwaambia gunia la kufungulia halihitajiki tena, wakanishukuru, na kesho yake asubuhi wakaliingiza kama kawaida. "Kitabu kinasema," karani mmoja aliniambia. "Halafu bwana, tumeshamzoea." Fungua Ghala Fungua yupo hadi leo, hajakosa hata siku moja.

Mkurugenzi akanipa nafasi ya kuchagua mtu wa kujaza pengo. Nikajua nitamchukua nani. Nilijiona mtu mwema kwa muda wa siku mbili nzima. Jumamosi alasiri nikatoka kwangu Mitwero na begi langu la kompyuta, nikaenda Mtanda.

Kibanda kilikuwa palepale. Somoe alikuwa na bisibisi mdomoni, simu imefunguliwa tumbo mbele yake. Na kwenye benchi la wateja, miwani puani, penseli mkononi, amekaa Mkuu, anaandika kwenye kipande cha boksi.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Mkuu ni huyu," akasema, akimwonyesha Somoe kwa penseli. "Amenirudisha mara tatu leo."

"Mara nne," Somoe akasema, akitoa bisibisi mdomoni. "Anakuja Jumanne na Jumamosi. Anataka kujifunza upya. Karibu, kaka. Kaa, hapa watu wanakaa."

Nilikaa. Niliona vichekesho vingi pale na nilikuwa tayari kuvihifadhi kwa ajili ya vijiwe: mzee mwenye muhuri anasahihishwa na fundi simu, kwa Kiswahili, juu ya boksi la sabuni. Lakini alikuwa anafuta. Boksi zima lilikuwa limepauka kwa kufuta.

"Alianza lini?" niliuliza.

"Kuja, alipostaafu. Kuelewa, siku ileile," Somoe alisema. "Pale kwenye kona aliniomba nimchoree mchangani. Nikamchorea. Akasema, 'Umesema kweli, binti.' Halafu akanipandisha bodaboda."

"Umesema kweli, halafu akakupandisha bodaboda," nilirudia, nikamtazama mzee. Dharau yangu yote ya miaka ikanijia mdomoni, tayari.

Mkuu hakuinua kichwa. "Ningefanyaje? Ningesema binti amepata, basi ninyi sita mmekosa. Niliona aibu ya wengi ni kubwa kuliko ya mmoja. Ni makosa. Nimemwomba radhi." Akalamba ncha ya penseli, akaendelea kuandika.

Nikamweleza Somoe shida yangu. Nafasi ipo, ni yake, hakuna ubao, hakuna Kiingereza. "Jumatatu, saa mbili," nilisema, nikitabasamu.

Alifuta mikono kwa kitambaa. Nilimwona anaitaka. Alikitazama kibanda chake, simu zile zilizopasuka, kisha akanitazama mimi.

"Bila usaili?"

"Bila usaili."

"Hapana, hiyo si sawa. Mtu hawezi kwenda kufanya kazi chini ya mtu asiyemjua. Basi nikusaili mimi, kaka. Swali moja tu." Alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. "Siku ile mzee alipokuuliza unasemaje. Ulikuwa unajua nani yuko sahihi?"

Ni swali la ndiyo au hapana. Mtoto angelijibu. Hata Mkuu, na ugumu wake wote, alikuwa ameshalijibu mchangani siku ileile. Mimi nilikuwa na miaka ya kujiandaa, na digrii, na ulimi ambao haujawahi kukosa neno. Nikaanza kufikiria hali ilivyokuwa, nafasi yangu wakati ule, maana ya kujua ni nini hasa, na mtu anaweza kujua jambo kwa namna ngapi.

"Inategemea," nilisema.

Penseli ilisimama. Mkuu alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni. Akainuka kwenye benchi kwa kushika magoti, akaja upande wangu, akachukua begi langu la kompyuta, akalitundika begani kwake.

"Twende, mwanangu," alisema kwa ile sauti tamu. "Mitwero hawajambo? Mama yako presha imetulia?"

Somoe alikuwa ameshainamia simu yake.

Tulitembea. Sikuweza kumwambia anirudishie begi. Nilijaribu, nikagundua kwamba kweli haiwezekani, kama nilivyowaeleza wenzangu zamani. Penye mwanamke anayeuza ming'oko alisimama akaninunulia, akaomba chumvi iongezwe.

"Ubao wako ulikuwa safi sana siku ile," alisema tukiendelea. "Hukufuta hata mahali pamoja. Anayefikiri hufuta. Nilijua."

"Na ukaniambia nina fikra huru?"

"Nilitaka mtu asiyebisha. Nilikupata."

Kwenye kona wanapoegesha bodaboda alikuwepo kijana mmoja juu ya pikipiki yake, anakula karanga. Alimwona mzee akashuka haraka kumsalimia kwa mikono miwili. Kisha akaniangalia mimi, mkono wangu umeshika ming'oko, na akaangalia begi liko kwenye bega la nani.

Hakuniuliza nakwenda wapi.

"Pole, kaka," alisema.